Kukinasa kiputo kabla hakijanywea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu viputo vya mawimbi ya mshtuko

Maswali haya yananifikia kutoka kwa wanafunzi wa fizikia ya tiba, mafundi wa vifaa vya hospitali, na mara mojamoja kutoka kwa mgonjwa aliyeambiwa jiwe lake la figo litavunjwa bila kupasuliwa. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu nikiwa nimesimama kando ya tangi la maji, kamera ikiwa upande mmoja na taa upande wa pili.

Viputo vyenyewe vinatoka wapi?

Maji ukiyabana yanavumilia sana. Ukiyavuta, yanakatika. Wimbi la mshtuko la kuvunjia mawe lina sehemu mbili. Mbele linatangulia bano: kwenye kitovu cha mashine nyingi, yaani mahali wimbi linapokusanywa, shinikizo hupanda hadi kati ya megapaskali 30 na 100 (megapaskali moja ni kama mara kumi ya shinikizo la anga), na kupanda huko huchukua nanosekunde chache tu, yaani bilioni za sekunde. Baada ya takriban maikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, bano limekwisha, na nyuma yake unafuata mkia wa mvuto, wa megapaskali 5 hadi 15 upande wa hasi, unaodumu maikrosekunde chache.

Mkia huo ndio unaozaa viputo. Maji hayakosi vijihewa vidogo mno vilivyojibanza kwenye vumbi na kwenye nyufa za chembe. Mkia unapovipitia unavivuta, vinavimba, mvuke wa maji unavijaza, na kitu ambacho upana wake ulikuwa maikromita chache kinafikia milimita nzima au zaidi. Wimbi lenyewe limeshapita zamani, lakini maji yaliyosukumwa nje bado yana mwendo, kwa hiyo kiputo kinaendelea kukua. Mwishowe mwendo unaisha, shinikizo la kawaida la mazingira linakielemea, nacho kinanywea kwa kishindo. Wataalamu wanaliita jambo hili lote kavitesheni. Mimi nitasema viputo, maana ndivyo tunavyoviona.

Jambo hili lilianza lini kuwashughulisha matabibu?

Mgonjwa wa kwanza alivunjwa jiwe la figo kwa mawimbi ya mshtuko mjini Munich tarehe 7 Februari 1980, na timu ya Christian Chaussy, kwa mashine iliyotengenezwa na kampuni ya Dornier, watengenezaji wa ndege. Mgonjwa alilazwa ndani ya beseni kubwa la maji. Viputo vilikuja kuchunguzwa kwa bidii katikati na mwishoni mwa miaka ya 1980, watu walipoona kuwa bano peke yake halielezi vishimo vilivyokuwa vikichimbika kwenye metali na kwenye mawe ya majaribio.

Wahandisi wa meli walikuwa wameshakutana na adui huyu. Lord Rayleigh alichapisha hesabu ya kunywea kwa kiputo mwaka 1917, wakati mapanga ya propela za meli yalikuwa yanaliwa na maji. Tutairudia hesabu hiyo, kwa sababu inafanya kazi hadi leo.

Kwa nini picha? Haitoshi kupima shinikizo kwa haidrofoni?

Haidrofoni, yaani maikrofoni ya ndani ya maji, inakueleza wimbi lilivyokuwa katika nukta moja. Haikuonyeshi wimbi hilo lilifanya nini lilipofika. Tena haidrofoni ni kitu kigumu kilichotumbukizwa majini, na viputo hupenda kuota juu ya vitu vigumu, kwa hiyo chombo chako cha kupimia kinakuwa shamba la viputo.

Kuna haidrofoni ya uzi wa kioo ambayo nayo kwa kweli ni chombo cha mwanga. Unapitisha leza ndani ya uzi, na kwenye ncha yake sehemu ndogo ya mwanga, kama asilimia 0.2, inarudi kwa sababu kioo na maji havipindi mwanga sawasawa. Maji yakibanwa, tofauti yao inapungua na mwanga unaorudi unapungua, yakivutwa, unaongezeka. Kiputo kikikaa juu ya ncha, mwanga unaorudi unaruka hadi karibu asilimia 3.5, maana sasa kioo kinakutana na hewa. Mruko huo ukiuona kwenye skrini huwezi kuukosea. Hata hivyo umejua tu kwamba kiputo kipo. Hujajua kina umbo gani, kimeegemea wapi, wala kina majirani wangapi, na katika kazi hii umbo ndilo linaloamua mengi.

Kamera ya kawaida ina shida gani?

Shida ni mwendo. Sauti majini husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, yaani milimita moja na nusu kwa kila maikrosekunde. Ukifungua shata kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, ambayo kwa mpiga picha wa mpira ni kasi nzuri, wimbi litakuwa limetembea mita moja na nusu. Tangi lenyewe halifiki urefu huo.

Dawa yake ni kuachana na shata na kutegemea taa. Chumba kinatiwa giza, kihisio cha kamera kinaachwa wazi, halafu mmweko mmoja mfupi wa leza unaleta picha yote. Mmweko wa nanosekunde 10 unaliacha wimbi lisogee maikromita 15 tu, kwa hiyo ukingo wake unatoka mkali. Njia hii si ngeni: Ernst Mach na Peter Salcher walinasa mawimbi ya risasi angani kwa mwanga wa cheche katika miaka ya 1880.

Ukitaka filamu badala ya picha moja, utahitaji kamera ya kasi. Zipo zinazopiga fremu milioni 10 kwa sekunde, ingawa kwa mfululizo wa fremu mia chache tu kabla kumbukumbu haijajaa. Brandaris 128, iliyojengwa Uholanzi, ilitumia kioo kinachozunguka kuutembeza mwanga juu ya vihisio 128, ikafikia fremu milioni 25 kwa sekunde. Lakini kumbuka kwamba wimbi na kiputo havina saa moja. Wimbi linapita kitovuni kwa maikrosekunde chache. Kiputo kinaishi mamia ya maikrosekunde. Kwa kiputo peke yake, fremu laki moja au mbili kwa sekunde zinakutosha kuona maisha yake, isipokuwa ile pumzi ya mwisho.

Picha ya kivuli na picha ya shilireni zinatofautianaje?

Zote mbili zinatumia ukweli kwamba maji yaliyobanwa yanaupinda mwanga zaidi kidogo. Ni kidogo kweli: kwa kila megapaskali, uwezo wa maji kupinda mwanga unaongezeka kwa takriban sehemu 1.4 katika elfu kumi.

Kwenye picha ya kivuli unapitisha mwanga ulionyooka ndani ya tangi na kuupokea upande wa pili. Palipo na mabadiliko ya ghafla mwanga unatawanyika, na unapata mstari mweusi ulioandamana na mstari mweupe. Kwenye shilireni, ambayo August Toepler aliikuza kuwa chombo cha maabara katika miaka ya 1860, unaongeza lenzi na ukingo wa wembe mahali mwanga unapokusanyika. Mwanga ulionyooka unazibwa nusu au wote; uliopinda unaponyoka kando ya wembe na kufika kwenye kamera. Hapo hata wimbi dhaifu linaonekana.

Ushauri wangu: ukitafuta viputo, anza na kivuli. Ni rahisi kupanga na hakikasirishwi na kila mtikisiko wa meza. Shilireni iache hadi utakapotaka kuona mawimbi madogo yanayotoka kwa viputo vinaponywea.

Mbona kiputo kinaonekana cheusi, na katikati kina nukta nyeupe?

Kwa sababu kiputo ni lenzi iliyogeuzwa. Ndani yake mna mvuke na gesi, nje mna maji, na mwanga unaotoka majini kuingia kwenye gesi unatupwa pembeni. Miale inayogonga karibu na ukingo, katika ile robo ya nje ya nusu kipenyo, haiingii kabisa: inaakisiwa yote. Inayobaki inapita lakini inatawanywa, na mingi haifiki kwenye lenzi ya kamera. Ni ile tu iliyopita katikati kabisa inayonyooka, nayo ndiyo nukta nyeupe.

Nukta hiyo ina faida. Ikiwa mviringo mzuri katikati, kiputo bado ni tufe. Ikianza kuvutika au kupotea upande mmoja, kiputo kimeshaanza kuharibika umbo hata kama ukingo wake unaonekana mzima.

Nitaona nini hasa kwenye mfululizo wa fremu?

Tuchukue jiwe la plasta, umbo la silinda, limesimamishwa kwenye kitovu. Wimbi linatoka chini kwenda juu.

Fremu ya kwanza ina uzi mwembamba uliopinda kama upinde, bado uko chini ya jiwe. Hakuna kingine, maji ni safi. Fremu inayofuata uzi umegusa jiwe, na mwangwi wake unaanza kurudi chini. Kisha, nyuma ya uzi, maji yanaingia madoa. Mwanzoni unadhani ni uchafu wa lenzi. Fremu mbili baadaye madoa yamekuwa vitufe vyeusi, kila kimoja na nukta yake nyeupe, na vimejipanga kama wingu refu lililofuata njia ya wimbi. Vile vilivyo juu ya uso wa jiwe ni vinene kuliko vya majini.

Sasa mambo yanapoa. Kwa makumi ya maikrosekunde viputo vinakua tu, vinasukumana, vile vya kwenye jiwe vinaungana na kuwa kofia moja nyeusi iliyolifunika jiwe. Mtu asiyezoea anadhani filamu imekwama. Iache iende. Kofia inafikia kilele, inatulia kidogo, halafu pembeni yake inaanza kurudi. Inarudi taratibu, kisha kwa haraka, kisha kwa kasi ambayo kamera haiwezi tena kuifuata: katika fremu moja kuna kofia, katika inayofuata kuna kinundu kidogo katikati ya jiwe na pete nyembamba inayotanuka kutoka hapo. Pete hiyo ni wimbi jipya la mshtuko. Hilo halikutoka kwenye mashine. Limetoka kwa kiputo.

Baada ya hapo wingu chafu linafumuka tena, dogo, lenye kingo za kukwaruza. Ni kiputo kinachorudia uhai wake kikiwa vipande vipande. Usizime kamera hapo. Vipande hivyo ndivyo vitakavyojibu swali la mapigo ya polepole.

Wanasema kiputo hutoa mchirizi. Mchirizi huo una nguvu gani?

Kiputo kinachonywea mbali na kila kitu kinabaki tufe karibu hadi mwisho. Kikiwa karibu na jiwe, maji ya upande wa jiwe yanachelewa kuingia kwa sababu jiwe limeyaziba njia. Maji ya upande wa pili hayana kizuizi. Yanakimbia, yanabonyeza mgongo wa kiputo, yanakipenya katikati na kutokea upande wa jiwe kama sindano. Werner Lauterborn na wenzake wa Göttingen waliuonyesha mchirizi huu kwa uzuri wa ajabu katika miaka ya 1970, wakitengeneza kiputo kimoja kimoja kwa leza ili wajue mapema kitazaliwa wapi na lini.

Kasi yake hufikia mita 100 kwa sekunde na kupita. Maji yanayogonga ukuta kwa kasi hiyo yanatoa, kwa muda mfupi mno, shinikizo la takriban megapaskali 150. Linganisha na bano la mashine tulilolitaja juu. Ndiyo maana karatasi ya alumini ikiwekwa kitovuni hutoka na vishimo.

Lakini tusikipe kiputo sifa zote. Bano nalo linafanya kazi kubwa: linaingia ndani ya jiwe, linaakisiwa kwenye ukuta wa nyuma, na jiwe linapasuka kwa kuvutwa kutoka ndani. Mawe yakiwekwa kwenye kimiminika kizito kinachozuia viputo, hupasuka vipande vikubwa, kisha kazi inadumaa. Viputo vikiruhusiwa, vipande vinasagwa hadi kuwa changarawe inayoweza kutoka na mkojo. Mimi ninaona hivi: bano ndilo shoka, viputo ndio kinu. Mgonjwa anahitaji vyote viwili.

Kwa nini madaktari wengi hupiga mapigo 60 ya wimbi kwa dakika badala ya 120, wakati 120 humaliza mapema?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu picha zililijibu kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuipinga.

Vipande vya kiputo kilichonywea haviondoki mara moja. Vina gesi kidogo ndani, na gesi inayeyuka majini polepole. Baada ya nusu sekunde vijiputo hivyo bado vipo, hata kama kamera yako haivioni. Pigo la pili linapofika, bano linapita bila shida kubwa, lakini mkia unakuta mbegu tele njiani. Nguvu yake inamalizika kwa kuzivimbisha mbegu hizo kabla haijafika kwenye jiwe. Ukipiga picha za njia ya wimbi kwa mapigo mawili kwa sekunde unaona wingu zito mbele ya jiwe. Ukipunguza hadi pigo moja kwa sekunde wingu linapungua waziwazi, na viputo vinaota kule tunakovitaka, juu ya jiwe.

Majaribio ya wagonjwa yalionyesha vivyo hivyo: kwa mapigo 60 kwa dakika mawe huvunjika vizuri zaidi kuliko kwa 120. Kwa hiyo mgonjwa anayelalamika kuwa mashine inapiga kivivu aelezwe kwamba kila kimya kati ya mapigo kina kazi yake.

Vifaa vya mawimbi ya mshtuko vya kutibu kisigino na kano navyo vinatoa viputo?

Tenganisha aina mbili. Vile vya kukusanya wimbi kwenye kitovu ni ndugu wa mashine za mawe, ila nguvu yao ni ndogo. Vile vinavyoitwa vya kusambaza hutumia hewa iliyobanwa kurusha risasi ndogo ya chuma ndani ya bomba. Risasi inagonga kichwa kilichogusa ngozi. Shinikizo lao ni la megapaskali chache na linapanda kwa maikrosekunde, si nanosekunde, hivyo kwa lugha ya fizikia si wimbi la mshtuko kamili. Hata hivyo mkia wa mvuto upo, na kamera za kasi zimeonyesha viputo majini mbele ya kichwa hicho. Kama viputo hivyo ndivyo vinavyoleta nafuu kwenye kano ni jambo jingine, na picha ya majini haiwezi kulimaliza.

Nitumie maji gani?

Yaliyotolewa gesi, na yaliyotulia. Nasema hivi kwa uchungu. Niliwahi kupoteza siku mbili za vipimo kwa sababu nilijaza tangi kutoka bombani asubuhi na kuanza kupiga picha palepale. Wingu lilikuwa la kupendeza, nene, kila pigo. Siku ya tatu, maji yakiwa yametulia, mashine ileile na nguvu ileile, wingu likawa robo ya lile la kwanza. Nilikuwa nimepiga picha za hewa ya bombani.

Pima oksijeni iliyoyeyuka na uiandike kwenye daftari pamoja na joto. Joto lina maana zaidi ya watu wanavyodhani. Kwa nyuzi 20 sauti husafiri mita 1,482 kwa sekunde. Kwa nyuzi 37 ni takriban 1,524. Kitovu kikiwa sentimita 15 kutoka kwenye chanzo, wimbi la maji ya joto litawahi kwa karibu maikrosekunde 3, na kwenye picha hiyo ni milimita 4 na ushei. Ukipanga mmweko kwa maji ya baridi kisha ukayapasha moto, utakuta wimbi limeshatoka kwenye picha.

Ukubwa wa kiputo unapimwaje?

Weka rula ndogo ya kioo mahali pa kiputo, ipige picha, na uhesabu pikseli. Usifanye hivyo nje ya maji. Kisha jilinde na mambo mawili: kiputo kilicho nje ya fokasi kina ukingo wa kufifia na unaweza kukosea kwa maikromita makumi, na katika wingu, viputo vya mbele vinaficha vya nyuma. Ukihesabu 40, sema umeona 40, usiseme vilikuwa 40. Holografia, yaani picha ya leza inayohifadhi kina, inaweza kukupa kina pia, ila wingu likiwa zito nayo inashindwa.

Na hapa Rayleigh anarudi. Alionyesha kwamba muda wa kunywea unalingana na nusu kipenyo kikubwa kabisa ambacho kiputo kilifikia. Kwa maji katika shinikizo la kawaida la anga, kiputo cha nusu kipenyo cha milimita 1 kinanywea kwa takriban maikrosekunde 91. Cha milimita 2, takriban 182. Kwa hiyo hata kwa kutumia saa tu unaweza kukadiria ukubwa. Ukubwa wa kwenye picha na ule wa kwenye saa vikitofautiana sana, ama kiputo hakikuwa tufe, ama majirani wamekibana, ama umekosea rula. Mimi huanza kwa kushuku rula.

Yanayoonekana majini ndiyo yanayotokea mwilini?

Hapana, si moja kwa moja, na ningependa kila anayeonyesha filamu hizi aseme hivyo kabla ya kuzima taa.

Mwanga hauendi mbali ndani ya nyama, kwa hiyo ndani ya figo ya mtu hatuna picha ya namna hii. Tunachonacho ni sauti: vihisio vinavyosikiliza kelele mbili za kiputo, moja kinapozaliwa na nyingine kinaponywea, na ultrasaundi ambayo huonyesha wingu la viputo kama mng'ao unaomemeteka. Kwa njia hizo tunajua viputo hutokea, hasa kwenye mkojo ulio karibu na jiwe, ambako pana nafasi.

Ndani ya nyama yenyewe nafasi haipo. Tishu ni kama mpira: inakizuia kiputo kisivimbe, na mbegu nazo ni chache. Maabara hujaribu kukaribia hali hiyo kwa kutumia jeli angavu badala ya maji, na hapo kiputo kilekile kinatoka kidogo na kinaishi muda mfupi zaidi. Wengine wameweka mirija myembamba ndani ya tangi kuwakilisha mishipa ya damu. Na kuna kazi moja ninayoirudia mara nyingi: watafiti walitazama kwa darubini na kamera ya kasi vishipa vya utando wa tumbo la panya, vikiwa vimetiwa viputo vya kuongezea taswira, kisha wakavipiga kwa ultrasaundi yenye nguvu. Kila mtu alitarajia kuona ukuta wa mshipa ukisukumwa nje na kupasuka. Ulisukumwa, ndiyo. Lakini kiputo kiliponywea, ukuta ulivutwa ndani, mara nyingi zaidi ya ulivyokuwa umesukumwa nje, na michirizi ilielekea mbali na ukuta badala ya kuugonga. Ukuta laini haufanyi kama jiwe.

Basi viputo vinaweza kumdhuru mgonjwa?

Vinaweza. Kuvuja damu ndani ya figo kwenye vishipa vidogo ni madhara yanayojulikana ya tiba hii, na viputo vina mkono wao hapo. Ushahidi ninaouamini zaidi ulitoka kwa nguruwe: mashine ileile ilibadilishiwa kioo cha kuakisi wimbi ili bano libaki lakini viputo vizuiwe, na uharibifu wa figo ukapungua hadi karibu kutoweka. Ndiyo maana daktari huuliza kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda na matatizo ya kutokwa damu, haelekezi mawimbi kwenye mapafu ambayo yamejaa hewa, wala hawapi tiba hii wajawazito. Mgonjwa anayesoma hapa ajibu maswali hayo kwa ukweli wote.

Kamera ina kazi yoyote katika chumba cha tiba chenyewe?

Inayo, ila inaangalia jeli, haiangalii figo. Mashine za leo hazina beseni. Zina mto wa maji unaogusana na ngozi kupitia jeli. Hewa ikinaswa kati ya mto na ngozi, wimbi linarudishwa. Katika majaribio ya maabara, hewa iliyofunika asilimia 2 tu ya eneo la mguso ilipunguza uvunjaji wa jiwe kwa asilimia 20 hadi 40. Kwa hiyo kamera ndogo imewekwa ndani ya kichwa cha baadhi ya mashine, ikitazama mto kutoka ndani. Fundi anaona mifuko ya hewa kama madoa angavu na kuipangusa kwa mkono. Ni picha ya kawaida kabisa, haina leza wala nanosekunde, na huenda imewasaidia wagonjwa wengi kuliko filamu zetu zote.

Nimesikia viputo hutoa mwanga. Kweli?

Kweli. Kiputo kinaponywea, gesi iliyobaki ndani inabanwa haraka mno hivi kwamba joto lake linafikia nyuzi maelfu, nayo inamulika. Mwanga huo ni hafifu na wa kupita. Unahitaji giza tupu na kihisio chenye usikivu mkubwa. Usiuchanganye na mmweko wa mashine zinazozaa wimbi kwa cheche ya umeme, ambao ni mkali na utaiharibu picha yako. Huo unauziba kwa kichujio kinachoruhusu rangi ya leza yako peke yake.

Sina kamera ya kasi. Nifanyeje?

Piga picha moja kwa kila pigo, na kila mara chelewesha mmweko kidogo zaidi: maikrosekunde 100 baada ya pigo, kisha 105, kisha 110. Ukizipanga unapata filamu iliyoshonwa kutoka mapigo tofauti. Kwa wimbi lenyewe inafanya kazi vizuri, hasa kwa vyanzo vya sumakuumeme na vya piezo (fuwele zinazotikisika zikipewa umeme) ambavyo hurudia pigo lilelile. Kwa cheche kuna kuyumba, kwa hiyo anzisha saa kutoka kwenye mmweko wa cheche yenyewe, usiianzishe kutoka kwenye kitufe. Kwa viputo utapata tabia ya wingu, hutapata maisha ya kiputo kimoja, maana kila pigo huzaa viputo vyake.

Taa si lazima iwe leza. LED yenye mpigo wa nanosekunde makumi machache inatosha kwa viputo, na picha yake ni safi zaidi kwa sababu haina zile chenga na pete ambazo leza hujichorea yenyewe kwenye kila vumbi.

Na kabla ya hayo yote, tandaza karatasi ya alumini kwenye fremu, izamishe kitovuni, ipige mapigo machache, kisha iinue dirishani. Vishimo utaviona kwa macho yako, na mahali vilipokusanyika ndipo pa kuelekeza lenzi.